Miezi minne ya homoni na kifundo kwenye titi moja: usiongeze dozi

Dada umeuliza, una miezi minne kwenye homoni za estrojeni, kifundo kigumu kinauma nyuma ya chuchu upande mmoja tu, na rafiki anasema uongeze vidonge. Pole na maumivu ila hicho kifundo sio shida, titi ndo linavyoanza, kwa wanawake trans (waliozaliwa wakahesabiwa wanaume) wengi huja kati ya mwezi wa tatu na wa sita wa homoni na panauma hata shati likisugua, na upande mmoja kutangulia ni kawaida kabisa, hata wasichana wanaobalehe inawatokea. Ukuaji wenyewe unachukua miaka miwili mitatu, wengine zaidi.

Ila nakuomba sana usimeze vidonge mara mbili kama huyo rafiki yako anavyokushauri. Kuna utafiti ulitoka 2018, wanawake trans 229 wa Amsterdam, Ghent na Florence walipimwa kwa mwaka mzima, tofauti ya mzunguko wa matiti na wa kifua chini yake ilifika wastani wa sentimita 7.9, nyingi zikaja miezi sita ya kwanza, karibu nusu yao wakabaki chini ya saizi ndogo kabisa ya sidiria, na kiwango cha estrojeni kwenye damu hakikuonyesha nani atapata makubwa. Kinachopanda ukizidisha ni hatari ya damu kuganda mguuni au kwenye mapafu, na kama unavuta sigara ndo usithubutu.

Kapime damu, mwonyeshe daktari anayekufuatilia majibu, yeye ndo abadilishe dozi. Na ukiona chuchu inatoa damu au uvimbe mgumu pembeni usiouma, nenda mapema.