Flati ya Raskazone: kabla ya advansi panda kwanza juu ya paa

SWALI: Injinia shikamoo. Mimi na mume wangu wa hapa hapa Tanga tumepata flati ya kununua Raskazone, ghorofa ya tatu ndo ya mwisho, vyumba viwili, taizi mpya, jiko lina makabati mpaka juu, ukifungua dirisha bahari hii hapa. Mwenye nayo anataka advansi wiki hii. Ungekuwa wewe ungeangalia nini?

JIBU: Marahaba dada'angu. Yote uliyoyataja yako ndani ya mlango wako, na ya ndani hata yakiharibika unaita fundi unamlipa yameisha. Mi ningeanza na yale ambayo huwezi kuyatengeneza peke yako, yaani paa, tenki, pampu, ngazi na nguzo.

Maji kwanza. Nenda saa moja jioni watu wamerudi kazini wote wanaoga, fungua bomba la huko juu uone linatiririka au linadondosha. Halafu uliza umeme wa pampu unasoma mita ya LUKU ya nani na nani ananunua. Nilishawahi kukaa jengo moja pampu imeungua, wa chini maji wanapata kama kawaida so hawakuona sababu ya kuchanga, sisi wa juu tukabeba ndoo miezi miwili na ngazi zile, we acha tu. Kwa hiyo omba daftari la michango, uone wangapi wanalipa kweli.

Sasa chumvi, na hapa usifanye haraka maana uko jirani na bahari. Upepo unaleta chumvi, inapenya kwenye zege ikifika kwenye nondo inashika kutu, na kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe so inapasua zege kutokea ndani. Angalia chini ya baraza za nje na kwenye boriti, ukiona ufa ulionyooka unaofuata nondo au michirizi ya rangi ya kutu, gonga na nyundo ndogo, pakilia tupu pameshaachia. Plasta mbichi viraka viraka na rangi mpya juu yake mi huwa inanitia wasiwasi kuliko ufa wenyewe, kwa sababu dawa ya hiyo kitu ni kuchimbua zege bovu, kusafisha nondo na kujaza upya, na hiyo ni gharama ya jengo zima sio yako tu.

Joto, kwa vile ni ya mwisho, ingia saa tisa mchana ukae nusu saa. Ngazi jiulize mama mkwe atazipanda?

Kuhusu karatasi, tangu 2008 tuna sheria ya umiliki wa sehemu za majengo, kila flati inaweza kuwa na hati yake, pamoja na fungu lako kwenye maeneo ya pamoja. Akikuonyesha mkataba wa mauziano tu na hati ya kiwanja kizima bado ina jina lake, anaweza kuiweka rehani benki na wewe umo ndani. Fanyeni sachi, yaani mkague kumbukumbu za hati hiyo, kwa msajili wa hati, advansi isubiri majibu. Ukienda kugonga hizo boriti beba tochi, na dalali mwache nyumbani.