Kutoa giaboksi ya gari ya kuvuta mbele bila kushusha injini

Mkuu, umeuliza kama giaboksi ya oto inaweza kutoka bila kushusha injini. Gari nyingi za kuvuta mbele inawezekana, ila kumbuka difu (gia zinazogawa nguvu kwa tairi mbili) iko humohumo ndani kwa hiyo ni zito hilo, usijidai kulipokea kwa kifua, tafuta jeki.

Toa waya wa betri, legeza nati za draivshafti (vyuma vinavyopeleka nguvu kwenye tairi) tairi zikiwa bado chini (ukishanyanyua zinazunguka tu, utapigana nazo siku nzima), mwaga oili ya giaboksi, halafu injini ishikilie kwa juu na winchi maana ukifungua tu maunti (vishikizo) za giaboksi injini inalala upande.

Sasa wengi wanapoharibu ni kwenye toki konveta, lile duara lenye oili linalounganisha injini na giaboksi. Kabla ya kurudisha isukume huku unaizungusha, inaingia kwa hatua sio mara moja, utaisikia ikidondokea ndani, halafu pima na rula imezama kiasi gani kutoka kwenye mdomo wa giaboksi. Boksi likigoma kukaa na injini usilivute kwa bolti, hapo unapasua pampu ya oili na kazi yote inaanza upya. Ukiona mwanya kati ya boksi na injini, toa uangalie.

Oili sili za shafti weka mpya. Rejeta ya oili ya giaboksi isafishe au badilisha kabisa, chenga za chuma za boksi la zamani zimejificha mle zitaua na hili unalorudisha.

Ila umeshapima gari kwa mashine ya kusoma hitilafu kwanza? Maana wakati mwingine mbovu ni solenoidi tu (vali ndogo ya umeme ya giaboksi).