Barafu Imeyeyuka, Mbona Mizani Inasoma Tofauti?

Katika mabadiliko ya kiumbo, yaani kitu kinapobadili hali bila kugeuka kitu kingine, tungamo (kiasi cha maada, kinachopimwa kwa gramu) haiongezeki wala haipungui: gramu 50 za barafu zikiyeyuka ni gramu 50 za maji. Kulikariri hilo ni rahisi. Tatizo huanza kwenye mizani, pale mwanafunzi anapopata 50.4 au 49.7 akadhani kanuni imemshinda. Kanuni iko palepale. Kuna kitu kimeingia au kimetoka bila kuonekana, na kazi yako ni kukisaka.

Chukua chupa yenye kifuniko kinachokaza na mizani inayosoma hadi gramu 0.01. Pima chupa ikiwa kavu, pamoja na kifuniko chake. Tia barafu, funga, futa nje, pima papo hapo. Sasa iache mezani iyeyuke, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Chupa baridi huvuta unyevu wa hewani. Ukungu unatanda nje, unageuka matone, na matone hayo yana uzito. Ukipima hivyo, namba itapanda, ilhali ndani hakuna kilichoongezeka. Subiri chupa ifikie joto la chumba, ikaushe kwa kitambaa, usisahau kitako na shingo, ndipo upime. Ukiiacha wazi, kosa linakuwa la upande wa pili: maji yanatoka kama mvuke na namba inashuka.

Usiuchanganye ujazo na tungamo. Gramu 50 za barafu huchukua takriban sentimita za ujazo 54.5, maji yake 50 tu. Vivyo hivyo, mililita 50 za maji na 50 za ethanoli (aina ya alkoholi) hazifiki 100 zikichanganywa. Hupatikana kati ya 96 na 97. Gramu zake, lakini, hujumlika sawasawa.

Kwenye kuyeyusha chumvi, gramu 10 ndani ya gramu 100 za maji hutoa gramu 110. Ukipata 109.6, angalia kijiti ulichokorogea na karatasi uliyopimia: kimoja kina matone, nyingine ina chembe. Dawa yake ni kuvipima vyote pamoja juu ya mizani, kabla na baada.

Kitu cha moto usikipime. Hewa inayopanda kukizunguka hufanya mizani isome pungufu. Wala usichemshe maji kwenye chupa iliyofungwa, itapasuka. Mfuko wa plastiki nao una mtego wake, na huu huwachanganya hata wazoefu: ukiufunga kisha ukavimba kwa lita moja, hewa inayouzunguka huuinua juu kidogo, na mizani husoma pungufu kwa karibu gramu 1.2 ingawa hakuna kilichovuja.

Rudia kipimo mara tatu. Tofauti ya 0.01 au 0.02 ni ya mizani yenyewe. Ikizidi hapo, usiisahihishe namba ili ilingane. Iandike kama ulivyoiona, na pembeni utaje sehemu unayoshuku kwamba maji yamepotelea.