Mipangilio ya Kamera kwa Taimulapsi ya Mawio na Machweo Huku Kwetu Pwani

Mafunzo mengi ya taimulapsi (video inayoundwa kwa picha nyingi zilizopigwa moja moja kwa nafasi sawa) yanayopatikana mtandaoni yametungwa na wapigapicha wa Ulaya na Marekani, nayo ni mazuri, isipokuwa katika jambo moja ambalo kwetu ndilo linaloamua kila kitu, yaani kasi ya mwanga kubadilika. Jijini London, mwezi Juni, jua likishazama hubaki mwanga wa kutosha kutembea bila taa kwa takriban dakika 48, kwa kuwa kule jua hushuka kwa mshazari. Dar es Salaam na Zanzibar jua hushuka karibu wima, na muda huohuo kwetu ni kama dakika 21 au 22 tu. Mtu akinakili mipangilio ya wenzetu jinsi ilivyo, giza humkuta kamera yake ingali inapiga kana kwamba ni jioni.

Nianze na yale yasiyopaswa kuguswa tangu picha ya kwanza hadi ya mwisho. Mimi hupiga kwa modi ya M, ambamo kila kitu nakipanga mwenyewe, na hupiga faili za RAW, yaani picha ghafi ambazo kamera haijazichakata. Fokasi huiweka kwa mkono, kisha nikabandika kipande cha gundi ya karatasi juu ya pete ya lenzi ili isisogee. Mizani ya rangi, ile menyu yenye vialama vya jua, wingu na balbu, huiweka kwenye jua au kwenye Kelvini 5,500, kwa sababu ikiachwa ijiamulie yenyewe, kamera itajitahidi kuufuta wekundu uleule ulioufuata. Tundu la lenzi, lile linalopitisha mwanga, nalo hulifunga kwenye f/5.6 au f/8 na kuliacha hapo. Kwa kuwa tundu hilo hujibana upya kila picha inapopigwa, na halirudi mahali palepale kabisa, tofauti ndogo isiyoonekana katika picha moja hugeuka kumetameta kwenye video. Mwenye lenzi iliyo kali hata ikiwa wazi kabisa anaweza kuitumia hivyo, maana tundu lililo wazi kabisa halina cha kujibana.

Yapo pia ya kuzima. Zima kidhibiti cha mtikisiko ikiwa kamera iko juu ya tripodi, zima kamera kujilaza yenyewe, na zaidi ya yote zima upunguzaji wa chengachenga (punje zinazochafua picha) kwa picha za shata ndefu, yaani zile ambazo pazia la kamera hukaa wazi kwa muda mrefu, kwa sababu kamera hutumia muda uleule wa shata kwa mara ya pili ili kusafisha picha, na picha inayofuata hurukwa. Kama kamera yako ina shata ya kielektroni, itumie, kwani jioni moja tu hula mamia ya picha, na shata ya mekanika ina umri wake.

Kuhusu nafasi kati ya picha na picha, hesabu ni nyepesi. Video ya fremu 25 kwa sekunde huhitaji picha 250 kwa kila sekunde 10. Nikianza nusu saa kabla ya jua kuzama na kumaliza giza likishaingia, ni kama dakika 100. Kwa nafasi ya sekunde 5 ninapata picha 1,200, yaani video ya sekunde 48, na kwa faili za megabaiti 25 kila moja ninahitaji gigabaiti 30 kwenye kadi. Nafasi hiyo inafaa kwa lenzi pana na mawingu ya mwendo wa kawaida. Kwa lenzi ya kuvuta haifai hata kidogo. Duara la jua huchukua zaidi kidogo ya dakika mbili tangu kugusa upeo wa bahari hadi kutoweka, na kwa nafasi ya sekunde 5 tukio hilo zima linakuwa picha 25 hivi, sawa na sekunde moja ya video: mtazamaji akipepesa macho, limempita. Jua likiwa ndilo mhusika mkuu, piga kila sekunde moja, nawe utapata sekunde tano za kulitazama likizama.

Sasa nije kwenye kiini cha kazi, nacho ni kuufuata mwanga. Kila mwanga unapopungua nusu, wapigapicha husema umeshuka stopu moja, na kutoka jua linapoonekana hadi mwisho wa utusitusi kuna stopu zaidi ya kumi za kufidia. Mimi huanza na ISO 100 (ISO ni kiwango cha kamera kuhisi mwanga) na shata ya sekunde 1/500 hivi kwa f/5.6, kisha hurefusha shata kwa theluthi moja ya stopu kila mara. Kabla jua halijazama, badiliko moja kwa kila dakika chache hutosha. Nikiwa Forodhani, adhana ya Magharibi ndiyo inayonijulisha kwamba mwendo umebadilika: kuanzia hapo theluthi ya stopu huhitajika karibu kila dakika, na pengine chini ya dakika, na hali hiyo huendelea mpaka shafaki imeanza kufifia. Shata ikifika sekunde 3 nasimama, kwa kuwa nafasi ni sekunde 5 na kamera nayo inahitaji muda wa kuandika kwenye kadi. Kutoka hapo ninapandisha ISO, 200, 400, hadi 1600. Gurudumu la shata lizungushwe katika upenyo kati ya picha mbili, kwa ncha ya kidole, au afadhali kwa programu ya simu ili tripodi isitikisike. Tena usifidie mwanga wote. Acha picha za mwisho ziwe na giza la stopu moja hivi zaidi ya zile za mwanzo, la sivyo usiku utafanana na mchana wa mawingu.

Mawio ni magumu zaidi, na kwa maoni yangu anayeanza asiyaguse kabla ya kuyazoea machweo. Pale Coco Beach unafika gizani, na hakuna cha kuwekea fokasi isipokuwa taa za meli zinazosubiri kuingia bandarini. Nazo zinatosha kabisa, ukiikuza picha kwenye skrini na kuzungusha pete mpaka taa iwe nukta ndogo kuliko zote. Hapa mpangilio hugeuka: unashusha ISO kwanza, kisha unafupisha shata, na ni lazima uutangulie mwanga badala ya kuufuata. Upeo ukianza kuwa wa dhahabu, fupisha shata kwa stopu moja zaidi ya histogramu (grafu ya mwanga wa picha kwenye skrini) inavyodai, kwa kuwa ukingo wa jua ukichomoza mawingu yaliyo karibu nao huungua mara moja na kuwa meupe, na hakuna programu itakayoirudisha rangi yake.

Kamera iliyolala kwenye chumba chenye kiyoyozi itoe nje nusu saa mapema, vinginevyo lenzi itajaa umande. Angalia pia jedwali la maji. Wakati wa bamvua bahari husogea haraka mno, na mahali pakavu ulipoweka tripodi panaweza kuwa ndani ya maji kabla hujamaliza kupiga.

Hata ukizungusha gurudumu kwa uangalifu namna gani, vingazi vya theluthi ya stopu vitaonekana kwenye video kama mirukoruko midogo. Mimi huilainisha kwa LRTimelapse, programu inayosoma mipangilio ya kila picha na kusambaza badiliko lile katika fremu zilizo kati, kisha hupunguza kumetameta kulikobaki. Kumbuka tu kwamba picha ni ya uwiano wa 3:2 na video ni 16:9, kwa hiyo ulipokuwa ukipanga upeo wa bahari ulipaswa kuacha nafasi ya kukatwa juu na chini.