Stoka imekwama: ninunue makaa ya mawe ya saizi gani?

SWALI: Shikamoo fundi. Nimenunua nyumba ya zamani hapa Scranton, Pennsylvania, na besimenti nimekuta tanuru la makaa ya mawe lenye stoka, lile linalojilisha lenyewe. Mwenye nyumba wa kwanza aliniachia mifuko michache. Ilipoisha nikanunua kumi iliyoandikwa “nut”, maana ndiyo iliyokuwepo dukani, na nikaona mabonge makubwa yatatoa joto zaidi. Siku ya pili kisukumio kikakwama, pini ikakatika. Nimebakiwa na mifuko saba. Niyaponde kwa nyundo? Na saizi sahihi ni ipi?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu, na pole kwa kulala kwenye baridi. Usiyaponde. Nitakueleza sababu, lakini tuanze na hayo uliyonunua.

Makaa ya upande huo wa Pennsylvania ni anthrasaiti: magumu, yanang'aa, moto wake ni mfupi wa buluu na moshi hauonekani. Si sawa na makaa ya Kiwira au Ngaka kule nyumbani Tanzania, ambayo ni laini zaidi na yana moshi. Yakitoka mgodini huvunjwa, yakachekechwa kwa nyavu, na kila saizi ina jina lake la zamani, mengi yakiwa ya vyakula. “Nut” ni mabonge ya sentimita 2 hadi 4 hivi. Hayo ni ya jiko la kulishwa kwa koleo. “Pea” ni milimita 14 hadi 21. “Buckwheat”, ambayo wauzaji huifupisha kuwa “buck”, ni milimita 8 hadi 14, unene wa njugu mawe. “Rice” ni milimita 5 hadi 8. Jina ni mchele, lakini ukiishika kiganjani utaona punje zake zinakaribia mbaazi kavu.

Stoka nyingi za majumbani zenye bamba bapa zimetengenezwa kwa rice. Zipo zinazokubali buck, hasa zile zinazosukuma makaa kwa parafujo kutoka chini, na zipo chache za pea. Kwa hiyo usiniamini mimi niliye mbali. Amini kibati kilichopigiliwa ubavuni mwa mashine. Kikiwa kimefutika, ingiza mkono chini kabisa ya hopa (lile sanduku la makaa linalolisha mashine), kwenye pembe, mashine ikiwa imezimwa na umeme umekatwa. Mara nyingi utapata punje za zamani zilizobaki. Zipime kwa rula. Hizo ndizo alizokuwa akitumia mwenzio.

Suala la joto sasa. Kilo ya nut na kilo ya rice za mgodi mmoja zina joto karibu sawa. Tofauti ni mwendo wa kuungua. Bonge likiwa dogo, hewa inaligusa pande zote na linaisha upesi. Likiwa kubwa, moto unalila polepole kutoka nje kwenda ndani. Stoka yako imehesabiwa kwa mwendo mmoja. Kisukumio kinasogeza makaa juu ya bamba la chuma lenye matundu madogo, feni inapuliza hewa kutoka chini, na makaa yanapofika ukingoni yanapaswa kuwa majivu. Bonge la nut, hata lingepita kwenye koo la hopa, lingefika ukingoni kiini chake bado cheusi, likaanguka kwenye ndoo ya majivu. Ungekuwa unamwaga pesa.

Na udogo nao una kikomo. Kila aliyewahi kupika wali anajua chenga. Makaa nayo yana chenga, na kwa maoni yangu ndizo adui mkubwa wa stoka kuliko hata saizi isiyo yake. Zinajaza nafasi kati ya punje, hewa inakosa njia, feni inatafuta penye udhaifu na kupuliza hapo tu. Utaona tundu moja jeupe la moto mkali, na pembeni makaa meusi yamelala. Pale kwenye ukali, majivu yanayeyuka na kushikana kuwa ukoko mgumu unaoziba bamba. Kabla ya kununua tani nzima, nunua mfuko mmoja wa paundi 40, uchekeche kwa wavu wa matundu ya milimita 5, na utazame kilichoanguka. Ukipata kiasi kidogo, ni kawaida. Ukipata bakuli zima la unga na chenga, tafuta muuzaji mwingine.

Ndiyo sababu nasema usiponde. Nyundo haichagui. Itakupa vipande vya kila saizi pamoja na chenga tele, na utakwama upya.

Uliza pia kama yamelowa. Wauzaji wengi huyamwagia maji ili vumbi lisiruke, na unyevu kidogo hauna neno. Yakilowa sana na yakiwa na chenga, yanashikana ndani ya hopa. Majira yangu ya kwanza kwenye kazi hii nilijaza hopa ya mteja makaa yaliyokuwa yakichuruzika. Usiku yakajishikilia juu kama daraja, chini pakawa patupu, moto ukazimika. Asubuhi nilikuta watoto wamevaa makoti mezani. Tangu siku ile nayaacha yachuje kwanza.

Ukishapata saizi yake, washa na uiache ifanye kazi kwa nguvu kama saa moja, kisha piga magoti uchungulie ukingo wa bamba. Unataka kuona sentimita 2 au 3 za majivu yaliyokufa kabla ya ukingo. Ikiwa makaa mekundu yanadondoka, punguza ulishaji. Ikiwa moto umerudi nyuma kuelekea hopa na majivu yamechukua bamba karibu lote, ongeza. Geuza kidogo tu, kisha subiri. Anthrasaiti haina haraka. Na siku utakayohama kutoka rice kwenda buck, kama mashine inaruhusu, rudia kazi hii yote, maana hewa hupita kirahisi zaidi kati ya punje kubwa.

Jambo moja sitaki ulifanye kesho, lifanye leo. Sote tumesikia habari za watu waliolala na jiko la mkaa chumbani wasiamke. Gesi ni ileile, kaboni monoksaidi, haina harufu, na makaa yasiyoungua vizuri huitoa kwa wingi. Weka kengele ya gesi hiyo besimenti na nyingine karibu na vyumba vya kulala, na mwite fundi apime mvuto wa dohani kabla hujawasha tena. Pini nayo badilisha kwa pini ya mashine hiyohiyo. Ukiweka msumari mgumu, safari ijayo kitakachokatika ni gia.

Mifuko saba muulize muuzaji kama atakubadilishia, maadamu haijafunguliwa. Akikataa, ulizia jirani mwenye jiko la koleo, Scranton hawakosekani.