Bafana walikosa upana wa mlingoti

Mmeuliza wiki hii: katika Kombe la Dunia, ni timu gani ya mwenyeji iliyowatia watu wake aibu kuliko zote? Najua wengi watawaandikia Afrika Kusini, 2010. Ndilo jibu la haraka, maana Bafana Bafana, timu yao ya taifa, ndio wenyeji wa kwanza kutolewa katika hatua ya kwanza. Ni kweli, haifutiki. Ila mimi niko Lubumbashi, mashindano yale tuliyatazama kama yanachezwa uani kwetu, na jibu hilo silikubali hata kidogo.

Kwanza mjue Johannesburg ilivyo karibu na sisi. Kinshasa kwa barabara ni mateso. Johannesburg watu wanakwenda na kurudi. Malori yanabeba shaba, yanatokea Kasumbalesa, yanashuka Zambia, na yakirudi yamejaa bidhaa. Kuelekea mwezi wa sita mwaka ule yalianza kuleta na vuvuzela. Hata saa yetu na yao ni moja, wakati Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa nzima. Basi mechi ya ufunguzi, Afrika Kusini na Mexico, ilipowekwa saa kumi jioni, tarehe 11 Juni, hakuna aliyehitaji kupiga hesabu.

Nganda, yaani baa, tuliyokaa iko komini ya Kenya (Kenya yetu, si ile ya Nairobi). Televisheni moja, viti vya plastiki, na baridi ya mwezi wa sita inayomfanya mtu anywe Simba akiwa na koti mwilini. Pembeni alikaa yaya mmoja (ndivyo tunavyomwita mkubwa wetu) wa mtaani kwetu aliyewahi kuishi Johannesburg. Alirudi 2008, wakati wageni kule walipokuwa wakipigwa na kuchomewa nyumba, akarudi na begi moja tu. Siku hiyo alitutangazia kwamba yeye ni Mmexico.

Dakika ya 55 Siphiwe Tshabalala akakimbia na mpira upande wa kushoto, akauachia kwa mguu wake uleule wa kushoto, ukaenda kutua juu kabisa kwenye kona ya goli. Nganda ikapasuka. Mama mwenye nganda alikuwa amebeba sahani ya bukari (ugali) na mboga ya lengalenga. Sitasema iliishia wapi. Dakika ya 79 Rafael Márquez akasawazisha. Yaya akainuka peke yake, akaagiza chupa kwa meza nzima. Hakuna aliyezigusa. Ninaziona hadi leo zilivyosimama pale, zimefunguliwa, povu likishuka polepole.

Halafu, zikiwa zimebaki dakika chache sana, umeme ukakatika. Wa Lubumbashi hawatanidai maelezo. Kijana wa nganda akakimbilia jenereta, akavuta kamba mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Picha iliporudi tuliona uwanja mzima wa Soccer City umeshika kichwa. Tukaulizana: goli? La nani? Ndipo mlinzi wa nyumba ya pili, aliyekuwa na redio ya betri, akapaza sauti juu ya ukuta: "Mlingoti! Amepiga mlingoti!"

Katlego Mphela alikuwa amekimbilia mpira mrefu, akamshinda nguvu beki, kipa wa Mexico akawa ameshapitwa, na mpira ukagonga mlingoti. Mechi ikaisha 1-1.

Sasa nisaidieni kuhesabu. Ule mpira ungeingia, Bafana wangetoka na pointi tatu na Mexico wangetoka mikono mitupu. Acha mechi nyingine zote ziende vilevile zilivyokwenda: kundi lingeisha Uruguay 7, Afrika Kusini 6, Mexico 3. Yaani timu ileile, na matokeo yaleyale mabaya ya Pretoria ambayo nitayafikia, ingeingia hatua ya kumi na sita bora, na leo msingekuwa na wa kumtaja. Aibu gani hiyo inayofutwa na kipande cha chuma?

Mtasema mwenyeji hatakiwi kutegemea kipande cha chuma. Sawa. Lakini tazameni alikuwa mwenyeji yupi. Bafana walianza mashindano wakiwa nafasi ya 83 kwenye orodha ya FIFA. Mwanzoni mwa mwaka uleule timu za Afrika zilipokwenda Angola kwa Kombe la Mataifa, wao hawakuwamo, walishindwa kufuzu. Kocha Carlos Alberto Parreira alikuwa ametwaa kombe na Brazil 1994 na hili lilikuwa Kombe lake la Dunia la sita kama kocha, lakini kocha hazai wachezaji. Mwenyeji hupewa chungu cha kwanza kwenye droo, pamoja na wakubwa, hata kama si mkubwa. Ndivyo Bafana walivyojikuta vichwa vya kundi lenye Ufaransa, Uruguay na Mexico. Kwa timu ya namna hiyo, pointi nne si aibu.

Pretoria nitaipitia haraka kwa sababu haina utamu. Tarehe 16 Juni, Siku ya Vijana kwao, Diego Forlán wa Uruguay alifunga mawili, moja likiwa la penalti baada ya kipa Itumeleng Khune kupewa kadi nyekundu, na Álvaro Pereira akaongeza la tatu muda wa nyongeza. Hiyo ndiyo mechi mbaya. Moja.

Tarehe 22, Bloemfontein, ni habari nyingine. Ufaransa walikuja wakiwa wamegombana wenyewe: Nicolas Anelka amerudishwa nyumbani, na siku mbili kabla wachezaji wamegoma kufanya mazoezi, wamejifungia ndani ya basi. Sisi tunaozungumza Kifaransa shuleni tulikuwa na la kusema, tena Steve Mandanda, aliyezaliwa Kinshasa, alikuwa kipa wa akiba wao. Bongani Khumalo akafunga dakika ya 20, Yoann Gourcuff akatolewa kwa kadi nyekundu, Mphela akaongeza la pili. Mapumziko 2-0, na kule kwingine Uruguay wanaongoza Mexico 1-0. Yalihitajika magoli mawili tu zaidi. Dakika arobaini na tano, wapinzani kumi. Mtu mmoja alikuwa akiandika hesabu kwa kalamu kwenye katoni la bia, na yaya, yule Mmexico, alikuwa amemwinamia begani anamsahihisha. Tulipomuuliza leo yuko upande wa nani, akajibu: "Ufaransa ni kesi ingine." Malouda wa Ufaransa akarudisha moja, ikaisha 2-1. Mexico wakapita kwa tofauti ya magoli.

Baba yangu anaikumbuka tarehe hiyo kwa sababu yake mwenyewe. Tarehe 22 Juni 1974, kwenye Kombe la Dunia la Ujerumani Magharibi, ndipo Mwepu Ilunga, beki wa klabu yetu ya Mazembe aliyeichezea Zaire (ndilo jina la nchi yetu wakati ule), alipochomoka kwenye ukuta na kuupiga mbali mpira wa adhabu uliokuwa wa Brazil. Dunia ilicheka, ikasema Wazaire hawajui kanuni. Mwepu alieleza baadaye kwamba kanuni alizijua vizuri. Alikuwa na hasira kwa sababu wachezaji hawakulipwa. Na siku hiyohiyo, Hamburg, wenyeji wenyewe walifungwa 1-0 na ndugu zao wa Ujerumani Mashariki, goli la Jürgen Sparwasser. Wiki mbili baadaye wakabeba kombe Munich, kile kipigo kikawa hadithi ya kuchekesha. Baba hupenda kusema Hamburg haikuwa aibu kwa sababu tu walipata mechi nyingine za kucheza. Bafana hawakupata.

Jibu langu basi. Qatar 2022 walipoteza mechi zote tatu, lakini nchi ile haikuwahi kucheza Kombe la Dunia kabla, sitawapiga. Ninawapigia kura Brazil, Belo Horizonte, tarehe 8 Julai 2014. Hao walikuwa mabingwa mara tano, walikuwa na kila kitu isipokuwa Neymar aliyeumia na Thiago Silva mwenye kadi, na walifungwa magoli matano na Ujerumani kabla nusu saa haijaisha. Ikaisha 7-1. Pale hakuna mlingoti wa kulaumu.

Nimemsomea yaya barua hii kabla ya kuituma. Anasema nimewahurumia Bafana kupita kiasi, na kwamba Mexico hawajawahi kumwaibisha mtu nyumbani kwao: 1970 robo fainali, 1986 robo fainali. Hapo sikuwa na la kumjibu. Anadai pia pesa ya zile chupa.

Msomaji wenu, komini ya Kenya, Lubumbashi