Vigae vya Kitengela: usivioshe vilivyobaki
Habari ndugu. Umeuliza utajuaje umri wa vigae vya vyungu ulivyovikuta ukichimba shimo la choo Kitengela, na kwamba viwili umekwisha kuviosha. Vilivyobaki viache na udongo wake. Mimi niliwahi kusugua kigae hadi kikang'aa, nikaondoa masizi ambayo yangeweza kupimwa umri kwa njia ya kaboni katika maabara. Anza na ukuta wa shimo: pima kina, tazama rangi ya udongo inapobadilika, na uandike kila kigae kilitoka tabaka lipi. Kule Gede, magofu ya mji wa kale wa Waswahili karibu na Malindi, kaburi lililochongwa tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399, liliwasaidia wachimbaji kukadiria umri wa vyombo walivyovifukua. Wapelekee Makumbusho ya Taifa taarifa kabla fundi hajamwaga zege.